Maji Yanayokwenda Ugenini

Barua ya kukifunga kisima cha Chigwandala ilikuwa na aya tatu, na zote tatu ziliandikwa na Jenifa Chediel. Ya kwanza ilisema kwamba maji ya kisima hicho yana kromi yenye sumu, zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Ya pili ilisema kwamba kromi hiyo haikutoka katika kiwanda cha ngozi cha Bwana Calist, kama kijiji kizima kilivyoamini, bali ilitoka ndani ya mwamba. Ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote: kisima kizibwe kwa saruji, na kisifunguliwe tena. Kiwanda kikikosa, hufungwa kiwanda. Mwamba ukikosa, hauhamishiki, na cha kufungwa ni kisima.

Aliibeba barua hiyo kwa basi kutoka Utemini, mjini Singida, hadi Manyoni, kwa basi jingine kutoka Manyoni hadi Kintinku, kisha akapanda pikipiki kwa saa moja na nusu, mkoba ameukumbatia kama aliyebeba mayai. Hakuwa na shaka na yaliyoandikwa humo, na hilo linafaa kutajwa mapema, kwa kuwa Jenifa alikuwa mtu wa kushuku karibu kila kitu. Alishuku mizani ya wauza dagaa. Alishuku takwimu za mvua. Alishuku tarehe za kuzaliwa, hata yake, ambayo mama yake aliikumbuka kwa kuihusisha na treni iliyoacha reli. Miaka kumi na miwili ya kupima maji katika mkoa wa Singida ilikuwa imemfunza kwamba binadamu akiulizwa na mtu mwenye karatasi, hujibu kile anachodhani karatasi inataka. Kwa sababu hiyo aliacha kuwauliza watu, akawa anayauliza maji.

Chigwandala kilikuwa kijiji cha bondeni, wakulima wa mtama na wafugaji, Wakristo na Waislamu wakizikana bila kuulizana. Kabla ya kisima, wanawake walichota katika mashimo ya mchangani, kwenye mto usiotiririka ila wakati wa masika, mwendo wa saa moja na robo kwenda na saa moja na nusu kurudi, kwa kuwa kurudi kuna mzigo. Kisima kirefu kilichimbwa, kikafungwa pampu ya mkono, na mwendo ukaisha. Miaka mitatu baadaye Calist alijenga kiwanda chake kidogo cha ngozi, hatua mia saba kutoka pampuni. Ilipita miaka mingine kabla Jenifa hajafika na kisanduku chake cha vipimo, akakuta sumu. Watu walikatazwa kuyanywa maji yale. Waliendelea kuyanywa, kwa kuwa aliyewakataza hakuwapa mengine.

Mwaka uliotangulia aliwaeleza jambo hilo katika mkutano wa kijiji, ndani ya ghala la zamani la mazao. Kromi, alisema, ina hali mbili. Iko iliyotulia, ambayo hukaa juu ya jiwe au ndani ya udongo na haiendi popote. Hiyo haina neno. Na iko iliyochokozwa na hewa na madini, ikageuka, ikayeyuka na kuanza kusafiri na maji. Hiyo ndiyo sumu. Mawe meusi ya kilima cha Ilimba, saa tatu kwa miguu kutoka kijijini, yamejaa kromi iliyotulia, na jua na mvua vikiyala mawe hayo kwa maelfu ya miaka, baadhi yake huchokozeka na kushuka chini ya ardhi. Chumvi ya kijani ambayo Calist hutengenezea ngozi nayo ni kromi iliyotulia; lakini ikimwagwa shimoni ikaachwa miaka, nayo hugeuka. Zikishafika ndani ya kikombe, hakuna jicho linaloweza kusema ipi ni mtoto wa nani.

"Sasa wewe utajuaje?" aliuliza Elisha Mazengo, mwenyekiti wa kijiji, mtu mrefu aliyezoea kuuliza maswali ambayo wengine waliona haya kuyauliza.

"Kwa uzito, mwenyekiti. Chembe za kromi hazilingani. Ziko nyepesi kidogo, ziko nzito kidogo. Maji yakipita ardhini hukutana na udongo wenye chuma na majani yaliyooza, na vitu hivyo huituliza kromi tena na kuinasa. Zinazonaswa haraka ni zile nyepesi."

Aliona nyuso zimelala, akawapa mfano wa mbuzi. Mkiswaga kundi kutoka hapa hadi mnada wa Manyoni, vitoto hukwama kwenye kila kichaka, na wanaofika ni madume. Mtu wa mnadani akiona madume matupu atajua kundi limetoka mbali. Akiona wakubwa na wadogo wamechanganyika kama walivyotoka zizini, atajua zizi liko jirani. Chembe nzito tupu katika kisima zingemaanisha safari ndefu, yaani Ilimba. Chembe zilizochanganyika zingemaanisha mashimo ambamo Calist humwaga maji taka ya kiwanda chake.

Calist mwenyewe alikuwa ameketi mbele, mnene, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. "Kwa hiyo, mtaalamu, nitahukumiwa kwa ushahidi wa mbuzi?"

"Mbuzi umewachuna wote," mwanamke mmoja alimjibu kutoka nyuma. Huyo alikuwa Kristina, mkulima, wakati huo mjamzito, na ulimi wake ulijulikana hadi vijiji vya jirani. "Atabaki nani wa kukutetea?"

Ghala zima lilicheka, na Calist akacheka nalo. Jenifa alisubiri wamalize.

Mashine ya kupima tofauti ndogo ya uzito namna ile haikuwapo karibu, hivyo sampuli zilipaswa kusafirishwa hadi maabara moja ya ng'ambo. Alihitaji chupa moja kila baada ya majuma mawili, kwa mwaka mzima, ili masika na kiangazi vyote visikike. Yeye asingeweza kuja mara zote hizo. Kazi ya kujaza chupa alimpa mtunza kisima, Bi Sikudhani, mjane aliyepita miaka sitini, ambaye hakuwahi kuchelewa kufungua pampu hata siku moja. Alimwachia karatasi ya maelekezo yenye mistari minne: jaza chupa, funga sana, andika tarehe, weka kivulini mpaka gari lije. Aliipenda karatasi ile kwa ufupi wake.

Chupa ishirini na sita zilikwenda, na majibu ishirini na sita yakarudi. Zote zilikuwa na kromi nzito. Kulikuwa na dosari mbili. Uzito uliruka juu na chini bila kuheshimu majira, na kiasi cha kromi ndani ya chupa kilikuwa pungufu kuliko alichokipima mwenyewe pampuni. Dosari ya kwanza aliisingizia mvua za nje ya msimu. Ya pili aliisingizia plastiki ya chupa. Mtu mwingine angemletea maelezo ya namna hiyo, angemrudisha nayo mlangoni.

Kisha, kwa kudhani kwamba haki ni kumwambia mtuhumiwa mapema, alimpigia Calist simu juma moja kabla ya mkutano.

*

Calist alimpokea njia panda, akamsimamisha dereva wa pikipiki kwa kunyoosha mikono yote miwili.

"Leo mimi ndiye nikupe shikamoo, mtaalamu!"

"Usinitanie, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba! Mwaka mzima wananiita muuaji. Wanangu wanaitwa watoto wa sumu. Jana nimewaita wafanyakazi wangu wote kumi na wanane, nimewaambia: rudini, jiwe limekiri."

"Jiwe halijakiri. Limeonekana."

"Litakavyo! Mkutano saa nane. Nitakaa mbele."

Ilikuwa saa nne na nusu. Jenifa alishukia kwa Bi Sikudhani, kwa kuwa ingekuwa utovu wa adabu kuingia mkutanoni na kumfungia mtu kisima chake kabla ya kumsalimu nyumbani.

Bi Sikudhani aliishi katika nyumba ya tembe iliyoezekwa udongo, ua wake umefagiwa hadi mistari ya ufagio ikawa kama matuta. "Shikamoo, mama," alisema Jenifa.

"Marahaba, mwanangu. Pole na vumbi. Kaa hapo penye kivuli."

Mwenyeji aliingia ndani, akatoka na kibuyu kirefu na kikombe. Jenifa aliwahi kutoa chupa yake mkobani. "Nina yangu, mama. Asante sana."

Bi Sikudhani alibaki ameshika kikombe kitupu. "Unayaogopa maji yangu?"

"Siyaogopi. Nimeyapima."

"Umeyapima, ukayakuta safi, halafu huyanywi?"

"Safi kivipi, mama?"

"Safi hivi." Alimimina. Maji yalitoka meupe kama kioo. "Au ulidhani zile chupa zako nilikujazia tope?"

Jenifa aliiweka chupa chini. Maji ya pampu ile aliyajua. Ndoo tatu za kwanza kila asubuhi hutoka na wekundu wa udongo mwepesi, na hata ya kumi haing'ai namna ile.

"Zile chupa, mama, ulizijaza vipi?"

"Kwa adabu. Nachota jioni, nayalaza kwenye kibuyu hiki. Asubuhi udongo umekaa chini, najaza taratibu nisiutibue. Nafunga sana. Naandika tarehe. Naweka kivulini."

"Kila chupa?"

"Zote. Moja mwezi wa nne niliilaza siku tatu, kulikuwa na msiba." Aliangalia uso wa mgeni wake, akaona kitu asichokielewa. "Wewe si ulisema zinakwenda ng'ambo? Maji ya Chigwandala yanakwenda ugenini, kulala kwa watu wasiotujua. Niyapeleke na uchafu wake? Mtoto tu ukimpeleka kwa shangazi yake unamwogesha."

Jenifa aliomba kukishika kibuyu. Kilikuwa cha zamani, kizito kuliko alivyotazamia, na mdomo wake ulinuka moshi na maziwa ya kale. Bi Sikudhani alimweleza, bila kuelewa ni kwa nini anaulizwa, kwamba kibuyu hiki kilikuwa cha mtindi wakati wa uhai wa mumewe, alipokuwa na ng'ombe. Kwamba kila juma hukisugua ndani kwa vijinga vya moto ili kisichache. Kwamba kibuyu kisichofukizwa ni chombo cha mtu mvivu. Jenifa alikigeuzia juani akachungulia. Ndani kulikuwa kweusi tititi, tabaka la mkaa juu ya tabaka la mafuta ya maziwa.

Kila alichowaeleza wanakijiji kuhusu udongo wenye chuma na majani yaliyooza kilikuwa na ndugu yake humo ndani, kimepakwa kwa unene wa ukucha. Kromi haikuhitaji kutembea saa tatu chini ya ardhi ili ipoteze chembe zake nyepesi. Ilizipotezea hapa, kwa kulala usiku mmoja, na siku tatu pale palipokuwa na msiba. Kuruka kwa uzito ambako alikusingizia mvua kulikuwa ni ratiba ya nyumbani kwa Bi Sikudhani.

Hata hivyo alipima, kwa kuwa kubuni si kupima. Alichukua maji ya kibuyuni na maji mabichi ya pampuni, akayatia dawa ya kisanduku chake, akasubiri rangi. Ya kibuyuni yalikuwa na kromi pungufu kwa theluthi moja. Theluthi hiyo isimdanganye mtu akatunga wimbo wa kusifu vibuyu: kilichobaki kilikuwa bado juu ya kiwango, na Bi Sikudhani alikuwa akinywa sumu kama jirani zake, ila iliyochujwa vizuri.

"Nimekosea?" aliuliza mwenyeji wake.

"Karatasi yangu ndiyo iliyokosea."

"Karatasi ilisema jaza chupa. Nimejaza."

"Umejaza, mama. Sikuandika kwamba yatoke moja kwa moja pampuni. Nilidhani hakuna mtu angefanya vingine."

"Nani huyo angempa mgeni maji mabichi ya pampu?" Bi Sikudhani aliuliza kwa mshangao wa kweli. Kisha mshangao ukamtoka. "Barua unayokuja kuisoma inasemaje?"

Jenifa alimwambia. Hakuipunguza.

Bi Sikudhani aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Kuku walirudi kudonoa miguuni pake. "Saruji," alisema hatimaye. "Kwa ajili ya kibuyu changu."

"Kwa ajili ya kibuyu na karatasi."

"Miaka kumi na moja nakilinda kisima kile. Watoto wakipanda pampu nawafukuza. Halafu niwe mimi niliyekishtaki?" Alishika mkono wa Jenifa, na mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu. "Wasiambiwe, mwanangu. Sema lolote, lakini jina langu usilitaje."

Jenifa aliahidi.

Zilibaki saa mbili kabla ya mkutano, na katika saa hizo alikuwa na nafasi ya kuwa mtu mwingine. Barua ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mwaka wa kazi ulikuwa umekwisha kutumika. Wasomi wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kumpongeza kwa data nadhifu. Isitoshe, mwamba ulikuwa bado unaweza kuwa na hatia kweli. Hakuna kilichothibitisha kwamba hauna. Aliizingatia hoja hiyo kwa uaminifu, akaiona ilivyo: jibu ambalo huenda ni sahihi, lililopatikana kwa njia ambayo lazima ingetoa jibu lilelile hata kama kweli ingekuwa kinyume. Kitu cha namna hiyo hakiitwi jibu. Na saruji ikishamwagwa haifanyiwi marudio.

*

Ghala lilijaa hadi mlangoni. Calist alikaa mbele kama alivyoahidi, nyuma yake wafanyakazi wake kumi na wanane. Mtendaji wa kijiji, binti mmoja mkimya aitwaye Agnes, alifungua daftari la muhtasari. Kristina alikuwa mlangoni, mtoto mchanga mgongoni. Elisha Mazengo aliwanyamazisha watu na kumpa mgeni nafasi.

"Nilikuja na jibu," alisema Jenifa. "Sinalo tena. Sampuli za mwaka mzima hazikuchukuliwa inavyotakiwa. Kosa ni la maelekezo yangu. Naomba tuanze upya."

Kisha Calist akasimama.

"Haiwezekani. Wiki iliyopita umenipigia simu. Umesema mwamba. Umesema kwa mdomo wako: mzee Calist, ni mwamba."

"Kumbe mnapigiana simu!" alisema Kristina.

Ghala likachemka. Wengine walisema mtaalamu amekula ngozi akakabwa nayo. Wengine walisema hapana, aliahidiwa ngozi na hakupewa, ndiyo maana amegeuka. Mzee mmoja wa pembeni alitaka kujua kama kuna barua, na kama ipo, kwa nini isisomwe. Calist akaidaka hoja hiyo: "Isomwe! Iko mkobani mwake. Isomwe, mwenyekiti, nimeonewa mwaka mzima!"

"Bi mtaalamu," alisema Elisha, "sampuli zilikosewa wapi? Tuambie tu palipokosewa."

Jenifa alitazama sakafu ya ghala. "Katika maelekezo, mwenyekiti."

"Maelekezo yapi?"

"Yangu."

"Hilo umeshasema. Mimi nauliza kilichofanyika."

Alijua kukaa kwake kimya kunaonekanaje, kwa kuwa yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kukushuku.

"Ni mimi," alisema Bi Sikudhani.

Alisimama katikati ya wanawake, mfupi kiasi kwamba waliokuwa nyuma walidhani sauti imetoka kwa mtu aliyeketi. "Niliyalaza maji kwenye kibuyu kabla ya kujaza chupa. Kibuyu changu cha maziwa, chenye moshi. Mtaalamu anasema moshi umeyaharibu. Kumbe alitaka yaende machafu. Basi. Msimtukane huyu, hajala ngozi ya mtu."

Alibaki amesimama, akingoja kulaumiwa. Watu walitazamana. Aliyeanza kusema ni Kristina, na hasira yake ilikuwa imehamia kwa Jenifa kwa njia nyingine kabisa.

"Sasa wewe ulitaka ajaze nini? Tope? Maji yanakwenda kwa wageni!"

"Mimi ningeyapitisha kwenye khanga kwanza," alisema jirani yake.

"Khanga mpya," alisema mwingine.

"Mimi ningetia majivu kidogo yakae."

Jenifa alisikiliza. Walikuwa karibu wanawake sitini ndani ya ghala lile, na ilimdhihirikia kwamba hata mmoja wao asingeijaza chupa kama karatasi ilivyodhani. Kosa halikuwa la Bi Sikudhani. Angemchagua mwanamke yeyote wa Chigwandala, kisima kingehukumiwa vilevile.

Elisha Mazengo alimgeukia Calist. "Na kwako je? Mama watoto wako angepewa zile chupa, angefanyaje?"

Ukweli ulimshinda Calist. "Angeyachemsha," alisema. "Halafu angeweka iliki."

Watu walicheka hadi Agnes akaacha kuandika. Kicheko hicho kiliizika barua ya Jenifa, na Calist alilijua hilo kabla hakijaisha, kwa kuwa aliketi chini polepole kama mtu aliyebebeshwa gunia.

Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa haki kwa namna ya kuziumiza pande zote sawasawa. Pampu ifungwe mpaka majibu mapya yaje. Kiwanda nacho kisimame mpaka majibu mapya yaje. Wanawake walirudi katika mashimo ya mchangani, na wafanyakazi kumi na wanane walirudi majumbani kwao.

Chupa zilijazwa alasiri ileile, kijiji kikishuhudia. Tatu zilijazwa pampuni, tatu katika mashimo ya Calist, na kesho yake tatu katika chemchemi ya chini ya Ilimba, ambako maji yanatoka moja kwa moja katika mawe meusi. Pampuni Jenifa alishika chupa mwenyewe. Maji yalitoka mekundu, na wanawake waliozunguka waliguna kama walioona mtu akitolewa nje bila nguo. Bi Sikudhani alisukuma pampu, lakini uso aliugeuzia upande mwingine.

"Yakiulizwa huko yatokako ni wapi," alisema, "yasitaje kijiji."

*

Majibu yalichukua miezi mitatu. Jenifa aliyasoma ofisini kwake, akayaweka chini, akatoka nje kunyoosha miguu, akarudi kuyasoma tena. Maji ya chemchemi ya Ilimba yalikuwa na kromi kidogo na nzito, kama inavyotarajiwa kwa maji yaliyopenya miaka mingi ndani ya mwamba wenye chuma kabla ya kutokea. Maji ya mashimo yalikuwa na kromi nyingi iliyochanganyika, nyepesi na nzito, kama ilivyotoka ndani ya gunia la chumvi. Na maji ya pampu yalifanana na ya mashimo kama pacha na pacha.

Safari hii alijishuku kwanza. Aliomba maabara irudie. Walirudia, yakaja yaleyale. Alitafuta njia nyingine ya kuyaeleza kwa juma zima. Alipata mbili, na zote zilikufa mikononi mwake. Ndipo alipokwenda Chigwandala, na hakumpigia mtu yeyote simu.

Alisema mbele ya wote kwa pamoja. Calist alisikiliza mikono imekunjwa kifuani. Alipomaliza, hakuna aliyeshangilia. Labda kwa sababu Calist alikuwa jirani yao, na kiwanda kilikuwa kimewalisha wengi wao.

"Una uhakika?" Calist aliuliza.

"Sehemu kubwa imetoka katika mashimo yako, mzee. Sehemu ndogo inaweza kuwa ya mwamba. Kiasi gani, sitaapa."

"Mara ya kwanza pia ulikuwa na uhakika."

"Mara ya kwanza nilikuwa na uhakika zaidi."

Calist alilitafakari jibu hilo kwa muda, kama mtu anayepima ngozi kwa vidole. "Nitayafukua," alisema. "Mashimo yote. Nitayachimba upya kwa sakafu ya saruji, au nitahama. Vijana, kesho njooni na majembe." Kisha akamtazama Jenifa, na katika macho yake hapakuwa na mzaha wowote. "Nikishafukua, maji yanakuwa safi lini?"

Swali hilo Jenifa alikuwa amelitazamia. Kilichomwagwa kilikuwa kimekwisha kuingia ardhini, alisema. Kiko njiani, kati ya mashimo na pampu, na njia hiyo hakuna anayeijua upana wake wala kasi yake. Kufukua kutazuia kingine kisiongezeke. Kile kilichokwisha kuondoka kitafika kwa wakati wake.

"Kwa hiyo kisima hakizibwi," alisema Elisha Mazengo, akitaka kulisikia.

"Hakizibwi, mwenyekiti."

"Ila hakinyweki."

"Bado."

Bi Sikudhani, aliyekuwa ameketi pembeni, aliuliza kama kuna ubaya wa kuipaka pampu mafuta wakati wa kusubiri, isishike kutu. Jenifa alisema hakuna ubaya. Mama yule aliinuka papo hapo, akatoka, kama aliyechelewa.

Nje ndoo zilikuwa zimepangwa ukutani, tayari kwa safari ya mtoni. Kristina aliinama, akamfunga mtoto wake upya mgongoni, akachukua ndoo mbili.

"Lakini utuambie kwa mwaka tu," alisema. "Mtu ajue anasubiri nini. Miaka mitano?"

"Huenda mitano."

"Huyu atakuwa anakaribia kuanza shule."

"Au kumi na mitano," alisema Jenifa, kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa kweli.

"Hiyo ya pili ungeiacha," alisema Kristina.

Lakini ilikuwa imekwisha kusemwa, na Agnes alikuwa amekwisha kuiandika.